Tabata Ilishinda Kesi, Vingunguti Ikapokea Taka

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walichoshwa na moshi na uvundo wa dampo la Halmashauri ya Jiji, wakaenda Mahakama Kuu. Katika shauri la Joseph Kessy dhidi ya Halmashauri hiyo, mahakama iliamuru utupaji wa taka Tabata ukome na litafutwe eneo ambalo halitadhuru watu. Halmashauri haikuacha. Ikaomba kuongezewa muda, na si mara moja. Mwaka 1991 ombi lilipofika tena mezani, Jaji Lugakingira alilitupilia mbali na kueleza kwamba hajapata kusikia mamlaka ya umma ikienda mahakamani, tena kwa kujiamini, kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Aliegemea Ibara ya 14 ya Katiba, inayolinda haki ya kuishi.

Uamuzi huo unasifiwa na wanasheria wa mazingira hadi leo, na unastahili. Kinachosimuliwa kwa nadra ni malori yalielekea wapi baada ya hapo. Yalielekea Kunduchi Mtongani. Huko nako Festo Balegele na wenzake 794 walifungua shauri, wakashinda, kwa kuwa eneo walilopelekewa taka lilikuwa limepangwa kuwa la makazi katika ramani ya mji ya Halmashauri ileile. Malori yakageuza kwenda Vingunguti, jirani na bonde la Msimbazi. Miaka ilipopita yakahamia Mtoni, na baada ya Mtoni yakaenda Pugu Kinyamwezi, yanakokwenda tangu hapo. Kila mtaa ulioweza kupiga kelele au kumlipa wakili ulipona, na ule uliofuata ukabebeshwa mzigo. Tunauliza: katika safari yote hiyo, ni lini mamlaka ya jiji ilikaa chini na kupanga mahali pa kutupa taka kabla ya kulazimishwa na jaji, mvua au dampo lililojaa?

Msimamo wetu hauna kona. Taka ni suala la ardhi kabla ya kuwa suala la ufagio. Halmashauri inayonunua magari ya taka, inayoingia mikataba na wakandarasi na kuwavisha vijana fulana za kampeni ya usafi, huku haina eneo lililopimwa, lililotengwa na kulindwa kwa ajili ya taka hizo, haijaanza kutekeleza wajibu wake. Inachofanya ni kuhamisha uchafu kutoka kwa anayeonekana kwenda kwa asiyeonekana.

Sheria haijatuangusha katika hili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani kuidai, na kifungu cha 6 kinamtwisha kila mtu wajibu wa kuyalinda mazingira. Kuhusu taka ngumu, sheria inazitaja serikali za mitaa waziwazi kuwa ndizo zenye jukumu la kuzipunguza na kuzisimamia katika maeneo yao. Inataka kila halmashauri iwe na ofisa wa kusimamia mazingira. Inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Kanuni za taka ngumu zikafuata mwaka 2009, na mwaka huohuo Bunge likatunga Sheria ya Afya ya Jamii. Ikumbukwe kwamba NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, ilipoundwa mwaka 1983 ilikuwa chombo cha kushauri tu. Sheria ya 2004 iliipa meno. Asiyetimiza wajibu leo hawezi kusingizia ombwe la sheria.

Upande wa ardhi nako maneno yapo. Tangu sheria za ardhi Na. 4 na Na. 5 za mwaka 1999, msingi haujabadilika: ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ardhi kinampa Waziri uwezo wa kutangaza ardhi hatarishi, na katika orodha yake yamo maeneo yanayotumika kutupia taka za sumu pamoja na ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007 inaweka utaratibu wa kupanga matumizi ya kila kipande cha mji na utaratibu wa kuyabadilisha. Mdhamini wa mali ya mtu mwingine haruhusiwi kuiacha ikaharibika kwa sababu mwenyewe yuko kimya. Ofisa ardhi na mkurugenzi wa halmashauri wanaifanya kazi hiyo ya udhamini kwa niaba ya Rais, wajue hivyo wanaposaini.

Sasa tazama yanayotokea mtaani pale ambapo hakuna aliyepanga. Nyuma ya soko la mazao utakuta kizimba cha taka kilichojaa tangu juzi. Majani ya migomba, maganda ya machungwa na mabua ya mahindi yamefurika hadi barabarani, na chini yake maji meusi yanachuruzika kuelekea mtaroni. Gari la mkandarasi halijaja, kwa sababu safari ya kwenda dampo na kurudi inakula nusu siku katika foleni, na mkandarasi analipwa kutokana na ada ambazo nusu ya mtaa hailipi. Hapo ndipo anapotokea kijana mwenye guta. Kwa fedha kidogo anazoa mifuko ya nyumba kumi, anashuka nayo bondeni jioni na kurudi na guta tupu. Mama wa nyumbani ameridhika, taka zimeondoka. Mvua kubwa inaponyesha usiku, wengine hawamsubiri hata kijana huyo. Wanafungua mlango na kumwaga ndoo mtaroni, maji yabebe. Asubuhi bonde la Jangwani limefunikwa na maji, mabasi yamesimama, na kiongozi amevaa buti anawalaumu wananchi mbele ya kamera.

Wananchi wana lawama yao, na hatutaifunika. Mwenye kumwaga taka mtaroni anavunja sheria hata kama jirani yake anafanya vivyo hivyo. Mwenye duka anayekataa ada ya taka halafu akatupa maboksi kwenye kiwanja cha wazi usiku anastahili faini, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa anayemjua na kunyamaza anastahili kuulizwa. Lakini wajibu una ngazi. Mwananchi hawezi kupima eneo la dampo, hawezi kulitangaza, hawezi kuagiza tathmini ya athari kwa mazingira wala kujenga barabara ya kufika huko. Hayo yanafanywa na mamlaka, au hayafanyiki kabisa. Na yasipofanyika, taka zinajitafutia ardhi zenyewe, na ardhi zinayoipata kwa urahisi ni ya umma: kingo za mito, hifadhi ya barabara, viwanja vya michezo vya shule zisizo na uzio, maeneo ya wazi ambayo ramani inayaonyesha kwa rangi ya kijani.

Maeneo haya ya wazi yanatufikisha kwenye jambo ambalo halmashauri hazipendi kulizungumza. Kiwanja cha umma kikigeuzwa jalala kwa miaka michache, watu wanaacha kukidai. Watoto hawachezi tena pale, wazazi wanakikwepa. Kisha siku moja kifusi kinamwagwa, jalala linasawazishwa, mabati ya uzio yanasimama, na anajitokeza mwenye hati. Hakuna anayelalamika sana, maana kilichoondoka ni uvundo. Hatusemi kwamba kila jalala la mtaani lina mkono wa mtu nyuma yake. Tunasema kwamba ofisa anayeacha ardhi ya umma igeuke jalala amekwisha kuifungulia mlango wa kuporwa, na sheria inayomtaka ailinde haimwambii asubiri hadi uzio usimame.

Na hata dampo rasmi, likishapatikana, lisichukuliwe kuwa ni shimo la kusahau. Taka zetu nyingi ni za jikoni na sokoni, zinazooza. Zikirundikwa bila kufunikwa kwa udongo, zinatoa gesi inayowaka, na ndiyo maana madampo yetu hufuka moshi bila mtu kuwasha kiberiti. Mvua ikipita katikati yake inatoka chini ikiwa maji yenye sumu, nayo yana njia yao ya kuteremka. Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu. Anayetupa taka upande wa juu asidhani amezipeleka mbali na mji, kwa sababu maji yanashuka kuurudia mji uleule kupitia Vingunguti na Jangwani hadi daraja la Salender. Sakafu isiyopitisha maji, mifereji ya kukusanya majimaji hayo, udongo wa kufunikia kila siku, mizani getini, uzio: hivi ndivyo vinavyotofautisha eneo la kuhifadhi taka na ardhi iliyotelekezwa. Manispaa ya Kinondoni, Dar es Salaam, ilionyesha kwamba inawezekana kupunguza mzigo kabla haujafika dampo, ilipojenga kiwanda cha mboji Mabwepande kwa ushirikiano na jiji la Hamburg. Taka za sokoni zinazogeuzwa mbolea hazihitaji ekari mpya kila mwongo. Tungependa kusikia kwa nini kila soko kubwa nchini halina mpango wa namna hiyo.

Dar es Salaam ina tatizo lake la ziada. Tarehe 24 Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la zamani ilivunjwa na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Mkoa una halmashauri tano na watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022. Dampo la Pugu limo ndani ya mipaka ya halmashauri moja, wakati taka za jirani zake zinapita getini humohumo. Nani anagharamia udongo wa kufunikia? Nani anajibu wakazi wa Pugu wanapokohoa? Anayeomba jibu ataelekezwa TAMISEMI, inayosimamia serikali za mitaa, kutoka huko Ofisi ya Makamu wa Rais, inayoshughulikia mazingira, kutoka huko Wizara ya Ardhi, na akiwa na bahati atarudishwa halmashauri alikoanzia. Kurushiana mpira kwa namna hii ndiko kulikoliwezesha jiji la miaka ya themanini kuomba muda mahakamani badala ya kutafuta eneo. Mito na harufu havijui mipaka ya wilaya, na sheria za serikali za mitaa haziwazuii majirani kushirikiana. Kilichokosekana ni mkataba ulioandikwa, wenye viwango vya michango na jina la ofisa anayewajibika.

Wapo watakaosema kwamba nchi maskini haiwezi. Tunawakumbusha tarehe 1 Juni 2019. Siku hiyo marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza, na katika wiki chache mifuko iliyokuwa ikining'inia kwenye kila mti na kuziba kila mtaro ilipungua machoni pa kila mtu. Biashara ndogo zililalamika, kisha zikajipanga. Kilichofanya kazi hakikuwa fedha za kigeni. Kulikuwa na siku iliyotajwa, kosa lililoelezwa, faini inayojulikana na wakaguzi walioingia madukani. Baada ya hapo usimamizi ulilegea na vifungashio laini vikapenya tena, jambo linalothibitisha hoja hiyohiyo kwa upande wa pili. Dola ikitaka, inaweza. Ikichoka, uchafu unarudi.

Kwa hiyo tunadai siku iliyotajwa kwa ardhi ya taka pia. Kila halmashauri ya mji, manispaa na jiji itangaze hadharani, kwa ramani inayobandikwa ofisi ya kata, eneo lake la mwisho la taka liko wapi, lina ukubwa gani, litajaa lini na mrithi wake ni lipi. Eneo hilo liwe na hati kwa jina la halmashauri, liwe na tathmini ya mazingira iliyosomwa mbele ya wanaoishi jirani, na wanaohamishwa walipwe fidia kabla ya lori la kwanza. Lizungukwe na ukanda ambao hakuna ofisa ardhi atakayeruhusiwa kuupima viwanja, maana tumeona watu wakiuziwa viwanja ubavuni mwa dampo, tena kwa risiti halali, halafu wakaitwa wavamizi. Ada ya taka ikae kwenye hesabu yake, isomwe kwenye mkutano wa mtaa na isigeuzwe posho. Na mkaguzi wa mazingira anayempiga faini mwenye gereji kwa kumwaga oili chafu avuke barabara na kumpiga faini mkurugenzi wa halmashauri kwa kosa lenye uzito kuliko hilo.

Tunaongeza sharti moja ambalo tunajua litawakera wengi. Halmashauri isiyo na eneo la taka lililopimwa na kulindwa isipitishiwe mchoro wowote mpya wa viwanja vya makazi. Kila kiwanja kinachouzwa ni nyumba, na kila nyumba ina ndoo ya taka inayojaa kabla ya wiki kwisha. Wizara ya Ardhi, inayoidhinisha michoro hiyo, ina uwezo wa kuirudisha ikiwa haionyeshi ndoo hizo zitamwagwa wapi, na ianze kufanya hivyo kwa michoro iliyopo mezani sasa.