Tanzania: Shirika dogo lisilojulikana kijijini halina wa kulitetea

Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali zilizotolewa nchini Tanzania mwaka 2018 ziliyataka mashirika yanayopokea zaidi ya shilingi milioni 20 yatangaze mapato na matumizi yao, magazetini na katika vyombo vinavyowafikia walengwa. Wengi walizipokea kama mzigo, na kwa shirika dogo gharama ya tangazo la gazeti si haba. Lakini sehemu ya pili ya sharti hilo ndiyo yenye tija, nayo haihitaji fedha nyingi.

Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe angalau kila baada ya miezi 3. Hapo kikundi cha watu 5 kinachowahudumia watoto wenye ulemavu, kwa mfano, kinaweza kuomba dakika 10 na kueleza kimepokea kiasi gani, kimemhudumia nani, na nini kimekishinda. Hilo la mwisho huachwa mara nyingi, ilhali ndilo linalowafanya wanakijiji wayaamini hayo mengine. Redio za kijamii hufuata. Radio Kwizera ya Ngara husikika hata ng'ambo ya mpaka, Burundi na Rwanda.

Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, suala hili limekuwa la uhai. Ripoti ya Kiingereza aliyoandikiwa mfadhili haimshawishi mfanyabiashara wa sokoni achangie. Mama ambaye mtoto wake sasa anatembea anaweza kumshawishi, iwapo ameridhia kusimulia, na iwapo kipaza sauti anakishika yeye mwenyewe.