Dereva wa Barabara ya Namanga Atatii Kibao Gani?

Dereva anayetoka Kitengela asubuhi kwenda Nairobi hupitia barabara za aina mbili kabla hajafika kazini. Ya kwanza ni Barabara ya Namanga: matuta, bodaboda zinazokatiza mbele ya trela za saruji, matatu zinazoshusha abiria penye steji na pasipo steji, na vibao vya bati ambavyo baadhi vimefifia kwa jua na vumbi. Akifika Mlolongo, na akiwa na pesa za kulipia, hupanda Expressway, barabara ya kilomita 27 inayomfikisha Westlands, iliyofunguliwa kwa umma Mei 2022. Huko hukutana na vibao vya taa ambavyo maandishi yake yanaweza kubadilishwa wakati wowote kutoka chumba cha uendeshaji.

Vibao vya aina hii vitaongezeka. Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua ujenzi wa barabara ya kulipia kutoka Rironi hadi Mau Summit, na kila barabara ya namna hiyo huja na ahadi ya teknolojia. Ndiyo maana ni vizuri tujiulize mapema: dereva wetu akikutana na onyo lililoandikwa kwa taa, hubadilisha mwendo? Na sisi wa Kitengela, Isinya na Kajiado, tukidai vibao hivyo viletwe kwetu, tutakuwa tumedai kitu chenye faida au pambo la kugharimu mamilioni?

Jibu langu ni kwamba dereva hutii onyo ambalo uzoefu umemthibitishia kuwa ni la kweli, ni la sasa na linampa jambo la kufanya. Taa peke yake haimtishi mtu. Tukilielewa hilo, tutajua vibao viwekwe wapi, viandikwe nini, na nani awajibike kwa yale yaliyoandikwa.

Tuanze na ushahidi ulio karibu nasi. Expressway ilipofunguliwa, kasi ya mwisho ilikuwa kilomita 80 kwa saa na madereva walitangaziwa hivyo. Hata hivyo, kabla Mei hiyo ya 2022 haijaisha, gari lililokuwa likienda kasi mno liligonga magari mengine kwenye kituo cha kulipia cha Mlolongo, na video ya ajali hiyo ikaenea nchi nzima. Barabara ilikuwa mpya na kituo chenyewe kilikuwa kikubwa, chenye taa. Barabara iliyonyooka, pana na isiyo na tuta humwambia dereva akanyage mafuta, na sauti hiyo ina nguvu kuliko kibao chochote kinachomwambia apunguze.

Wengi husema tatizo letu ni utovu wa nidhamu: kwamba Mkenya kwa asili yake hatii kibao. Hoja hiyo haisimami mtu akifuata Barabara ya Namanga mpaka mwisho wake. Basi lililotoka Nairobi likapita Kitengela, Isinya, Kajiado na Bissil kwa mwendo wa kujitakia, likivuka mpaka wa Namanga kuingia Tanzania hubadilika. Kila kijiji chenye kibao cha 50, dereva yuleyule hushusha mwendo mpaka 50 kweli, hata kama barabara ni tupu. Anajua kwamba mbele, pengine chini ya mti, kuna askari mwenye tochi, yaani kile kifaa cha kupimia kasi, na kwamba faini ya shilingi 30,000 za Tanzania itaandikwa bila mjadala mrefu. Abiria wa Arusha wameizoea safari hiyo ya mwendo wa kupanda na kushuka. Dereva ni mmoja na gari ni lile lile. Kilichobadilika ni uzito wa kibao.

Upande wetu sheria ipo. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za 2016 zinasema anayezidisha kasi kwa kilomita 6 hadi 10 hulipa shilingi 500, anayezidisha kwa 11 hadi 15 hulipa 3,000, na kwa 16 hadi 20 hulipa 10,000. Lakini dereva wa matatu anajua pia kwamba kosa lile lile linaweza kumalizwa kwa noti iliyokunjwa ndani ya leseni. Kila noti inayopita hivyo humfundisha kwamba namba iliyoandikwa kwenye kibao ni bei ya kuanzia mazungumzo. Hakuna taa itakayofuta somo hilo.

Pamoja na hayo, madereva wa barabara hii wana mfumo wao wa maonyo, na wanautii sana. Simama kati ya Isinya na Kajiado alasiri utazame. Lori linalotoka Namanga linawasha taa za mbele mara mbili kwa gari linalokuja. Mara moja dereva wa pili anaachia mafuta, anafunga mkanda aliokuwa ameulegeza, na makanga aliyekuwa ananing'inia mlangoni anaingia ndani. Polisi wako mbele. Kilomita chache baadaye kuna matawi mabichi ya mgunga yamelazwa kwenye lami, na magari yote yanapunguza mwendo, kwa sababu matawi maana yake trela imekufa baada ya kona. Hakuna wizara iliyotunga alama hizo. Zinaaminika kwa kuwa aliyezitoa ametoka huko huko, dakika chache zilizopita, na hana sababu ya kudanganya.

Udhaifu wa mfumo huo nao unatufunza. Trela hutengenezwa ikaondoka, matawi yakabaki hapo siku mbili tatu, yakakauka. Dereva anayepita kila siku huanza kuyapuuza, na siku trela nyingine inapoharibikia mahali pale pale, anafika akiwa kasi. Ndivyo ilivyo pia kwa kibao cha “watu kazini” kinachoachwa barabarani mafundi wakiwa wameshaenda zao. Njia ya mwongo ni fupi, na kibao kikidanganya mara kadhaa, hakitaaminiwa hata siku kikisema kweli.

Nchi zilizotutangulia kwa vibao vya taa zimejifunza mambo ambayo hatuna haja ya kuyalipia upya. Katika jimbo la Texas, Marekani, kuanzia 2012 vibao vya taa vilikuwa vikionyesha kwa wiki moja kila mwezi idadi ya watu waliokufa barabarani mwaka huo. Nia ilikuwa njema: kumtisha dereva awe mwangalifu. Watafiti Jonathan Hall na Joshua Madsen walilinganisha wiki hizo na nyingine, na mwaka 2022 wakachapisha matokeo katika jarida la Science. Ajali ziliongezeka kwa takriban asilimia 4.5 katika kilomita 10 baada ya kibao. Maelezo yao ni kwamba ujumbe mzito wa kifo huishika akili ya dereva wakati inapohitajika barabarani, na haumwambii afanye nini. Kwingineko, nchini Finland, vibao vinavyobadilika kuonya kwamba barabara inateleza vilipunguza kasi ya wastani kwa kilomita moja au mbili tu kwa saa. Ni faida ndogo, lakini imepatikana kwa sababu kibao huwaka barabara ikiwa inateleza kweli.

Hapa Kenya tuna tabia ya kupenda takwimu za vifo. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, imekuwa ikirekodi vifo zaidi ya 4,000 kila mwaka, na nambari hiyo inastahili kutuuma. Mahali pake ni bungeni, kwenye bajeti na kwenye magazeti. Juu ya kichwa cha dereva aliye mwendo wa 100 akiwa na abiria 14 nyuma yake, haisaidii.

Tena kuna suala la muda. Gari linaloenda kilomita 110 kwa saa hukata mita 30 kila sekunde. Ikiwa maandishi yanasomeka kutoka mita 150, dereva ana sekunde tano za kusoma, kuelewa na kuamua, huku akiangalia bodaboda aliye kushoto. Sentensi ndefu ya Kiingereza haifai kwa sekunde tano hizo. Barabara ya Namanga ni njia ya madereva wa Kenya na wa Tanzania, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 imekitaja kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo maandishi mengi ya barabara zetu kuu yamebaki kuwa ya Kiingereza. “Ajali mbele, pita Kiserian” ni maneno manne. Kila dereva wa barabara hii atayaelewa kwa mtazamo mmoja.

Nimeitaja Kiserian kwa makusudi. Mvua za masika za 2024 zilipofurisha Mto Athi, maji yalifunika sehemu ya Barabara ya Namanga karibu na Athi River na Kitengela, na usafiri ukakwama. Wengi walijua walipofika kwenye mkia wa foleni, mahali ambapo huwezi kwenda mbele wala kugeuza lori. Kumbe njia mbadala ipo: ukiwa Isinya unaweza kukata kuelekea Kiserian, ukapita Ongata Rongai na kuingia Nairobi upande wa Lang'ata. Anayetoka Nairobi naye angeweza kuifuata njia hiyo kinyume. Kibao kimoja cha taa kabla ya makutano ya Isinya, na kingine kabla dereva hajaiacha Barabara ya Mombasa pale Athi River, vingewaokoa watu wengi. Hapo onyo lina habari ya sasa, lina jambo la kufanya, na dereva anaweza kulithibitisha kabla ya jua kutua. Akilithibitisha mara moja, mara ya pili hatasita.

Haja hiyo Wakenya wameshaionyesha wenyewe. Huduma ya Ma3Route ilianzishwa 2012, watu wakapashana habari za foleni na ajali kwa simu, na leo makundi ya WhatsApp ya madereva na ya wakazi wa mitaa ya Kitengela hufanya kazi hiyo usiku na mchana. Lakini dereva hapaswi kusoma simu akiwa kwenye usukani. Kibao cha taa kinaweza kuyabeba yale yale yanayosemwa kwenye simu na kuyaweka mbele ya macho ya kila mtu.

Wapo watakaouliza, kwa haki, kwa nini tuzungumzie vibao vya taa ilhali hata matuta mengine hayana rangi. Wana hoja nzito. Desemba 2016, huko Karai, Naivasha, lori lililobeba kemikali inayowaka lilipoteza mwelekeo kwenye matuta, likagonga magari na kulipuka. Watu takriban 40 walikufa, na baadaye kukawa na malalamiko kwamba matuta yale hayakuwa na alama za kutosha. Debe la rangi na kibao cha kawaida kabla ya tuta ni gharama ndogo sana kuliko taa yoyote. Tukumbuke pia wezi wa vyuma: Januari 2022 serikali ililazimika kusimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa muda kutokana na uharibifu wa miundombinu. Kibao cha taa kinahitaji umeme, ulinzi na fundi. Bila hivyo kitakuwa sanduku jeusi juu ya nguzo.

Kwa hiyo mpangilio uwe huu. Kwanza, kila tuta kuanzia Athi River hadi Namanga lipakwe rangi na liwe na alama inayoonekana usiku, na mahali pa kuvukia watu Kitengela na Kajiado mjini pawe na taa. Pili, Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, iweke vibao vichache vya taa pale tu ambapo dereva ana uchaguzi wa njia au hatari inayokuja na kuondoka: mafuriko, ajali, ng'ombe na wanyamapori wanaovuka nyanda za Athi-Kapiti nyakati za ukame. Kusiwe na “endesha kwa uangalifu” ya mwaka mzima. Pakiwa hapana la kusema, kibao kizimwe, ili kikiwaka dereva ajue kuna jambo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kuwe na watu nyuma ya taa: ofisi inayopokea habari kutoka kwa polisi, Msalaba Mwekundu, idara ya hali ya hewa na kaunti ya Kajiado, yenye jukumu la kuwasha onyo ndani ya dakika chache na kulifuta mara hatari inapokwisha. Nne, amri ikiwa amri ifuatwe na adhabu isiyojadiliwa pembeni mwa barabara. Uingereza ina alama nyekundu ya X ya kufunga njia ya barabara kuu, na madereva wengine walikuwa wakiipuuza. Tangu Juni 2019 kamera zinatumika kuwanasa, kwa faini ya pauni 100 na alama tatu kwenye leseni. Picha ya kamera haiwezi kukunjiwa noti.

Kwa wenye mamlaka, ombi langu ni moja: msitununulie vibao kabla hamjaajiri watakaovilisha ukweli. Na kwako wewe unayeshika usukani kila siku kati ya Kitengela na Kajiado, unayemwashia taa mwenzako ili asikamatwe, mwashie pia kwa ajili ya ng'ombe, mtoto anayevuka na trela iliyokufa. Ukitengeneza gari lako, yaondoe matawi uliyoyalaza barabarani. Anayekuja nyuma yako anayategemea yawe ya kweli.