Bei ya Dukani Siyo Bei Yote

Tangu Mji wa Serikali uzinduliwe Mtumba mwaka 2019, kompyuta mpakato imekuwa jembe la karani. Walakini wengi bado huchagua chapa kwa kutazama bei tu. Sisi twaona hilo ni kosa. Vumbi la kiangazi cha Dodoma laziba feni, joto lapanda, na mashine dhaifu haistahimili. Je, betri yabadilika? Vipuri vyapatikana hapa mjini, au mpaka Kariakoo? Tuseme moja yauzwa Sh. 800,000, yadumu miaka 2, nyingine Sh. 1,200,000, yadumu miaka 6. Ya kwanza yala Sh. 400,000 kwa mwaka, ya pili Sh. 200,000. Ndugu maofisa ununuzi, fedha hizo ni za wananchi: hesabu hii ifanywe kabla ya kutia sahihi, tena iandikwe jaladani.