Divai Nyeupe ya Dodoma na Samaki wa Tanganyika

Imekuwa desturi mjini kwetu kwamba mwenye karamu akitaka kuwakirimu wageni kwa divai, hutafuta chupa iliyotoka Ulaya, na aghalabu huwa nyekundu. Yafaa tujiulize kama chupa hiyo inapatana na joto la Bujumbura na samaki wa ziwa letu. Juma hili tuitazame divai nyeupe itokayo kwa jirani zetu wa Tanzania, mkoani Dodoma.

Dodoma ni uwanda mkavu, wenye mwinuko wa mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni chache, nayo hunyesha tangu Desemba hadi Aprili. Wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu huko Bihawana katika miaka ya 1950. Leo hulimwa pia Hombolo, Mpunguzi na Makutupora. Huko Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza; mkulima ndiye auamshaye kwa kupogoa matawi, naye huvuna mara mbili, yapata mwezi wa Machi na tena Agosti na Septemba. Mavuno ya kiangazi huwa bora, kwa kuwa zabibu huiva bila mvua, na maradhi ya ukungu hupungua.

Miongoni mwa zabibu za divai nyeupe huko ni Chenin Blanc, yenye asili ya bonde la mto Loire, Ufaransa. Sifa yake ni kutopoteza uchachu upesi hata penye joto. Zabibu zikisha kukamuliwa, maji yake hutengwa na maganda kabla ya kuchachushwa. Ndiyo sababu divai hutoka nyepesi, bila ule ukakasi wa divai nyekundu.

Uchachu huo ndio unaoifaa meza yetu, kwani hufanya kazi ile ile ya ndimu: hukata mafuta na kuondoa shombo. Inapatana sana na mukeke wa kuchoma, ndagala wa kukaanga, na sangala wa mchuzi mwepesi wa nyanya. Lakini sombe iliyoungwa kwa mawese huifunika ladha yake, na mishikaki ya mbuzi yataka divai nyekundu. Pilipili nayo ipunguzwe, maana kileo huzidisha ukali wake.

Mwandalizi azingatie haya:

Kwanza, asinunue chupa iliyokaa juani dirishani mwa duka, kwani joto huiharibu divai kabla haijafunguliwa.

Pili, aipoze kwa saa mbili au tatu katika friji. Umeme ukikatika, aizungushie chupa kitambaa kilicholowa na kuiweka penye upepo. Haitakuwa baridi sana, lakini itapungua joto.

Tatu, chupa iliyofunguliwa izibwe na kurudishwa kwenye baridi, imalizwe kwa siku tatu.

Nne, na hili ndilo kubwa, asitie divai katika chungu cha wote. Kileo hakiishi chote kwa kupikwa, na miongoni mwa wageni wetu wamo wasioitumia kwa ajili ya dini, na wajawazito wasiopaswa kuinywa. Kumlisha mgeni asichokijua ni kuuvunja ukarimu wenyewe. Maji ya matunda yaliyopozwa vizuri yawekwe mezani kwa heshima ile ile.

Wakulima wa Dodoma wamelalamika mara nyingi kukosa wanunuzi, na zabibu mbivu haingojei. Nasi tu karibu nao: Dodoma ipo kwenye reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, na kutoka Kigoma ziwa hutuleta Bujumbura. Tangu mwaka 2007 Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Tanzania. Basi, mwenye karamu aiulizie divai hiyo kwa mwenye duka lake. Ubora wa chupa haupimwi kwa urefu wa safari yake.