Tuyazuie Maji Kabla ya Kupiga Lipu

Kila masika inapomalizika, nyumba nyingi za visiwa vyetu hubaki na alama zake. Dari huwa na madoa ya rangi ya kahawia, rangi ya kuta huvimba na kubanduka, na harufu ya ukungu hukaa vyumbani hata baada ya jua kurudi. Ndipo mwenye nyumba anapokwenda barazani kuulizia fundi, na aghalabu swali lake huwa moja tu: kupiga lipu upya chumba hiki ni kiasi gani? Sisi tunaamini kwamba swali hilo ndilo linaloanzisha hasara. Swali la kwanza lingepasa kuwa hili: maji haya yametoka wapi?

Jambo hili si dogo. Kwa familia nyingi za Unguja na Pemba nyumba ndiyo akiba pekee iliyopo. Imejengwa kwa fedha za karafuu, kwa mishahara ya miaka mingi, au kwa senti zinazotumwa na jamaa walioko Maskati, Dubai na Uingereza. Fedha hizo zinapotumiwa kupaka ukuta ambao bado unakunywa maji, zimetupwa. Tena mara nyingine linalopotea si fedha peke yake, bali ni roho za watu.

Tuanze na Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu. Kuta ni nene, nusu mita na zaidi, na sakafu za ghorofa zimebebwa na boriti za mikoko ambazo ncha zake zimezama ndani ya kuta hizo. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji na kuyatoa tena. Unyevu unaoingia wakati wa mvua hutoka wakati wa jua, kwa kuwa chokaa huupitisha. Mpango huo ni mzuri, lakini una sharti lake: maji yanayoingia yasizidi yale yanayoweza kukauka. Mlizamu ukiziba, bati likitoboka, au bomba likivuja ndani ya ukuta, sharti hilo limevunjika. Udongo unaoshika mawe hulainika na kuchukuliwa na maji kidogo kidogo, na ncha za boriti, ambazo hakuna jicho linaloziona, huanza kuoza. Bandu bandu huisha gogo.

Katika hali hiyo huja fundi na mfuko wa saruji. Saruji ni ngumu, hukauka upesi na hupendeza machoni, lakini haipitishi unyevu kama ipitishavyo chokaa. Ikipigwa juu ya ukuta wa mawe uliolowa, huyafungia maji ndani. Mwaka wa kwanza chumba hung'ara na mwenye nyumba hufurahi. Baadaye maji yaliyokosa njia hupanda juu zaidi au hutokea upande wa pili, yakiwa yamebeba chumvi. Chumvi hiyo huganda kama unga mweupe nyuma ya lipu na kuisukuma, hata lipu ikaanguka kwa vipande vikubwa pamoja na uso wa mawe yenyewe. Mambo huwa mabaya zaidi iwapo mchanga uliotumika umechotwa pwani na haukuoshwa. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ufa uzibwe kwa kitu chochote kile.

Tunao mfano ambao kila Mzanzibari anaujua. Beit-el-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika zama za Seyyid Barghash, liliporomoka sehemu ya mbele pamoja na mnara wake wa saa tarehe 25 Disemba 2020, wakati kazi za ukarabati zikiendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Jumba hilo lilikuwa limekwisha kutoa ishara, kwani mwaka 2012 sehemu ya roshani yake ilianguka. Hatukusudii kuhukumu hapa. Tunachosema ni kwamba jengo kongwe hutoa taarifa kabla ya kuanguka, na kwamba siku za matengenezo ndizo siku za hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu ndipo vitu vinapoondolewa mahali pake. Ikiwa hayo yaliweza kutokea katika jumba linalotazamwa na kila mtu, hapana budi tujiulize itakuwaje katika nyumba ya kichochoroni, ambamo mwashi mmoja na vibarua wawili huchomoa boriti iliyooza bila ya kuweka nguzo ya kushikilia, huku familia ikiwa imelala ghorofa ya juu.

Wala tusidhani kwamba maradhi haya ni ya Mji Mkongwe peke yake. Katika majumba ya ghorofa, kama yale ya Michenzani, maji hayajui mpaka wa mlango. Bomba la choo likivuja kwa jirani wa juu, dari inayooza ni ya jirani wa chini. Huyu wa chini anaweza kupaka rangi kila mwaka asipate nafuu, mpaka wakae pamoja na kukubaliana kutengeneza bomba kwanza. Na katika mabonde ya Ng'ambo, kama vile Mwanakwerekwe, maji huingia kwa chini. Huko lipu nzuri haisaidii kitu iwapo mtaro uliopo nyuma ya nyumba umejaa taka. Nyumba ni tofauti, lakini mpango wa kazi ni mmoja: kwanza chanzo cha maji, pili kukausha, tatu kukagua mbao, kuta na nyaya za umeme, na mwisho kabisa lipu na rangi.

Sasa tuje kwenye makubaliano. Desturi iliyoenea ni kupatana kwa mdomo, kisha kutoa arubuni kubwa, pengine nusu ya malipo yote, siku ya kwanza. Fundi hubomoa lipu ya zamani, huonekana siku tatu, halafu huhamia kwenye kazi nyingine iliyompa arubuni mpya. Mwenye nyumba hubaki na ukuta uchi, na mvua iko njiani. Mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tuliopita chuoni kabla ya kwenda skuli tunaikumbuka Suratul Baqarah, ambayo aya yake ya 282, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, inahusu kuyaandika madeni ya muda na kuyashuhudisha. Ni ajabu basi kwamba watu wanaoihifadhi aya hiyo wanaona haya kumtaka fundi aweke saini, wakidhani kuandikiana ni kutoaminiana. Kuandikiana ni kuilinda aminifu ya pande zote mbili.

Karatasi moja yatosha. Iandikwe maji yanatoka wapi kwa mujibu wa ukaguzi wa fundi mwenyewe, na kwamba chanzo hicho kitatengenezwa mwanzo. Iandikwe kwamba paa litajaribiwa kwa kumwagiwa maji, wenye nyumba na fundi wakitazama pamoja chini, kabla ya lipu kuguswa. Vifaa vitajwe kwa majina: ikiwa ni chokaa isemwe chokaa, na ikiwa ni boriti isemwe ngapi na za unene gani. Itajwe nani atakayeweka nguzo za kushikilia, na nani atakayelipa iwapo ukuta wa jirani utadhurika. Arubuni isizidi thamani ya vifaa vya kuanzia, na risiti zake zionyeshwe. Yaliyobaki yalipwe kila hatua inapokamilika, na sehemu ndogo ya mwisho izuiwe mpaka masika moja ipite na ukuta uonekane mkavu. Karatasi hiyo ishuhudiwe na watu wawili, na nakala yake iwekwe kwa Sheha.

Hata hivyo, tutakuwa hatukutenda haki tukiwalaumu mafundi peke yao. Yupo fundi mkweli anayemwambia mwenye nyumba kwamba ukuta huu uachwe wazi kwa wiki kadhaa ukauke, na kwamba chokaa iliyorowekwa vyema haitaki pupa. Fundi huyo huikosa kazi. Kazi hupewa yule anayeahidi kumaliza kwa siku tatu ili nyumba ipendeze kabla ya Idi. Kwa mwenendo huo sisi wenyewe tunawafundisha mafundi kusema uwongo, kisha tunalalamika kwamba ni waongo. Vilevile wapo wenye nyumba wanaozidisha kazi kila asubuhi bila ya kuzidisha malipo, na wanaomzungusha fundi miezi mitatu baada ya kazi kumalizika. Jasho la fundi lina haki yake, na mkataba unaomlinda mwenye nyumba humlinda na fundi.

Upo pia wajibu wa Serikali, na hapa tunasema na maofisa wetu waziwazi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za mji ziliingia mikononi mwa Serikali, na nyingine ni za wakfu, zilizo chini ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Katika nyumba za namna hii mpangaji husema nyumba si yangu, na ofisi husema kodi haitoshi matengenezo. Baina ya kauli hizo mbili maji huendelea kudondoka. Nyumba isiyokuwa na mwenye kujibu ndiyo inayooza mapema kuliko zote. Mpangaji awe na wajibu wa kutoa taarifa siku ile ile aonapo tone la kwanza, na ofisi iwe na siku zilizotajwa za kuja kutazama. Kubadili bati moja leo ni rahisi kuliko kuwahamisha wapangaji kesho.

Katika Mji Mkongwe, Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji iliyoundwa mwaka 1985 ndiyo yenye dhamana ya vibali, na ni sawa kuwa hivyo. Lakini mvua haingoji kikao. Kibali cha kuzuia maji yasiingie hakifai kwenda mwendo mmoja na kibali cha kuongeza ghorofa. Pale kibali kinapochelewa, mwananchi hufanya kazi usiku, kwa siri na kwa saruji, na mkaguzi hufika asubuhi kutoa onyo wakati madhara yamekwisha kutendeka. Tungependa mkaguzi afike mwanzo, apande juu ya paa pamoja na fundi, na aonyeshe njia. Aidha, majina ya waashi wanaojua kazi ya chokaa yangebandikwa katika kila ofisi ya Sheha, ili mwananchi asilazimike kubahatisha. Na vijana wa vyuo vya ufundi wapelekwe kwa wazee hao wajifunze, maana elimu ya chokaa iko mikononi mwao zaidi kuliko vitabuni, na mikono hiyo inazidi kupungua.

Mwisho, Serikali iwe mfano inapoajiri wakandarasi wake. Zabuni isipewe mwenye bei ya chini kwa sababu ya bei tu, na malipo yafuate kazi iliyopimwa, si kazi iliyoahidiwa. Mwananchi akiona ofisi ya umma imepakwa rangi mpya juu ya ukuta uliolowa, atajifunza kufanya hivyo hivyo nyumbani kwake.

Fundi wa paa aitwe wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na kuta zikiwa kavu, si wakati mawingu ya masika yamekwisha kutanda. Milizamu isafishwe sasa. Kila mwenye dhamana ya nyumba, awe ni raia, ni ofisi au ni msimamizi wa wakfu, apande dari yake wiki hii na tochi mkononi, aguse ncha za boriti moja baada ya moja. Akikuta ulaini, asimwite mpaka rangi. Amwite mwashi, na karatasi iwe tayari juu ya meza.