Mlicheka Mwendo Wake, Sasa Mnamnyima Buku Mbili?

Wadau wangu, leo naomba tuweke udaku pembeni kidogo. Yule kaka wa komedi, jina kapuni, si mmeona tangazo lake la michango limesambaa kwenye magrupu yote? Bodaboda ilimtupa, fupa la paja likakatika pale juu karibu na nyonga. Mpaka naandika hapa bado kalala wodini, mguu umefungwa uzito, anasubiri operesheni.

Kilichoniuma ni komenti. Mmoja kaandika: "Binamu yangu alivunjika hivyo hivyo, kapigwa msumari, siku ya tatu katoka. Huyu kaona fursa." Laiki kibao. Tangu hapo michango ikapoa, na ndugu wameanza kusema bora arudishwe kijijini akafungwe na fundi wa mifupa.

Jamani! Mimi si daktari, ila nilimuuliza mmoja wa mifupa akanielewesha.

Ule mwendo wa kupepesuka tunaochekea kila wiki hakuutunga. Alivyokuwa mdogo alianguka kwenye mwembe akavunjika paja, akafungwa vijiti huko huko kijijini, mfupa ukaunga umepinda. Wako wengi wenye mapaja yaliyopinda kwa sababu nyingine, wapo waliougua matege utotoni, wapo waliokunywa maji yenye floraidi nyingi kama baadhi ya maeneo ya Arusha. Mtu anaishi nao fresh tu, mpaka siku avunjike.

Sasa ule msumari wa binamu yako ni fito ya chuma inayopitishwa ndani ya mfupa, kwenye uwazi wa uboho. Mfupa ulionyooka unapita vizuri. Ila chukua nondo iliyonyooka uisukume kwenye bomba lililopinda uone. Itakwama, na ukilazimisha bomba linapasuka. Ndiyo maana kwa mtu kama huyu madaktari wanaweza kuacha msumari wakatumia bamba la chuma. Linalazwa upande wa nje wa paja, skrubu kubwa zinaingia juu mpaka kwenye kichwa cha fupa kinachokaa ndani ya nyonga, nyingine zinakaza huku chini.

Na si kupachika tu. Kwanza picha za paja zima, wapime limepinda kiasi gani. Bamba lazima likae sawa na umbo la mfupa wake. Likikaa vibaya, uzito wa mwili unalielemea kila akikanyaga, skrubu zinang'oka au bamba lenyewe linakatika. Wakati mwingine inabidi mfupa ukatwe pale ulipopinda unyooshwe kwanza, ndio bamba lifungwe. Kwa hiyo tarehe kusogezwa si lazima iwe usanii. Na hata akitoka ataambiwa asikanyagie kwanza, atembelee magongo wiki kadhaa. Msije mkasema tena anajidekeza.

Kwa fundi wa kijijini je? Vijiti haviwezi kushika mfupa uliokatika pale nyongani. Atalala miezi. Kulala hivyo kunaleta vidonda vya mgongoni, damu kuganda kwenye mishipa, na nimonia. Watu wanakufa kwa hayo, siyo kwa mguu wenyewe. Halafu huko huko ndiko mguu ulikopindia mara ya kwanza, mnamrudisha akapinde tena?

Nakubali, matapeli wa michango wapo, wametuliza wengi. Kama humwamini msimamizi, omba kumbukumbu namba ya malipo ya hospitali ulipie huko huko. Hapo nani atakula hela yako?

Mimi naona hivi. Ule mguu umetuchekesha miaka, tumerusha vipande vyake kwenye status, tumeiga mwendo kwenye harusi. Leo mguu huo huo unahitaji bamba na skrubu, tunageuka madaktari wa kwenye komenti. Siyo fea.

Kama huna hela, kaa kimya, hiyo nayo ni msaada. Kama unayo buku mbili, tuma leo, maana kila siku anayolala pale inahesabika.

Tiririka hapo chini mdau. Nani kati yenu ana chuma mguuni? Tuambie ilikuwaje, huenda wale wabishi wakakusikia wewe.