GARI LA FUNDI LIPEWE NJIA

Wako watu katika mji wetu wa Dar es Salaam ambao, wakisikia kwamba fundi anaunda gari nyumbani kwake, hucheka. Hucheka zaidi wakiambiwa kwamba gari lenyewe ni la viti viwili, lenye pua ndefu, lililoigwa kutoka magari ya zamani ya mashindano. Husema kwamba huo ni mchezo wa mtu asiye na kazi, na kwamba nchi yenye haja ya matrekta na mabasi haina nafasi ya mambo hayo. Sisi twaona kwamba wanaocheka hawajaitazama kazi yenyewe. Jambo hili lawahusu wafanyakazi wote, hata wale ambao hawatapanda gari la namna hiyo maishani mwao.

Mtu akitoka Posta, akapita Mnazi Mmoja hadi Kariakoo, kisha akashuka Gerezani, atasikia nyundo kabla ya kuwaona wanaozipiga. Hapo bati hugeuzwa ndoo, sanduku na jiko. Wako wanaochomelea mageti, na maduka ya spea hayako mbali. Sasa na tuhesabu mahitaji ya gari hilo linalochekwa. Lahitaji chasisi ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa, injini na gia boksi kutoka gari lililopata ajali, bodi ya bati au ya faiba, viti vilivyoshonwa, nyaya za umeme, na rangi. Karibu kila ufundi unaotakiwa waonekana katika mji huu huu. Kinachokosekana ni kazi moja ya kuwakutanisha mafundi hao na kuwalazimisha wakubaliane kwa kipimo.

Na hapo ndipo ilipo faida. Fundi wa jiko akikosea nusu inchi, jiko litapika vile vile. Fundi anayechomelea mkono wa gurudumu akikosea nusu inchi, gari litavuta upande, na kwa mwendo wa kasi litaua. Gari dogo la michezo halisamehe kosa, kwa sababu ni jepesi na kila kiungo chake chabeba mzigo wake. Kwa hiyo ni shule ya vipimo, na aliyehitimu shule hiyo aweza kesho kuunda mashine ya kukoboa mpunga au gari la kuzoa taka. Mikono ni ile ile.

Wale wanaodhani kwamba magari hayo ya zamani yalizaliwa katika viwanda vikubwa na watazame historia. Mwaka 1948 kijana wa London, Colin Chapman, alichukua Austin Seven kuukuu akaiundia bodi mpya ndani ya banda la gari. Miaka tisa baadaye, mwaka 1957, kampuni yake ilitoa Lotus Seven, na gari hilo ni miongoni mwa magari yaliyoigwa mno duniani na mafundi wa nyumbani. Lotus Seven liliuzwa sana likiwa vipande, mnunuzi akaliunganisha mwenyewe. Kwa nini? Kwa sababu Serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya ununuzi kwa gari zima, lakini aliyenunua vipande aliepuka kodi hiyo. Haikuwa hisani kwa mafundi. Ulikuwa mwanya tu wa sheria. Lakini mwanya huo uliwafanya watu wengi washike spana, na kutoka kwao ikazaliwa biashara kamili. Kampuni ya Caterham ilichukua haki za kuunda gari hilo mwaka 1973, na umbo lake linauzwa hadi leo.

Serikali hiyo haikuwaachia mafundi waingie barabarani ovyo. Tangu mwaka 1998 iliweka ukaguzi wa gari moja moja, na mwaka 2009 ikaweka mfumo mpya zaidi. Mtu aliyeunda gari lake hulipeleka kwa mkaguzi, ambaye hutazama breki, usukani, taa, vioo, mikanda, moshi na hata ncha kali zinazoweza kumchana mpita njia. Likifaulu husajiliwa. Likishindwa, mwenye gari huelezwa kasoro, akarekebisha na kurudi. Fundi ajua tangu siku ya kwanza atapimwa kwa lipi.

Je, kwetu Afrika Mashariki tumekosa watu wa kujaribu? La hasha. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliutaka Chuo Kikuu cha Nairobi uunde gari. Yakatengenezwa magari matano ya mfano, na mwaka 1990 yakaonyeshwa hadharani. Hayakufika sokoni. Uganda ilionyesha gari la umeme la Kiira mwaka 2011, kazi ya Chuo Kikuu cha Makerere. Hapa kwetu, mradi wa Nyumbu wa Jeshi la Wananchi, huko Kibaha, uliunda malori yaliyobuniwa na Watanzania, ingawa malori hayo hayakupata kuzienea barabara zetu. Na Machi 2022, mchora katuni Ali Masoud, anayejulikana sana kwa jina la Kipanya, alionyesha Dar es Salaam gari dogo la umeme lililoundwa nchini. Umma ulishangilia, na ulistahili kushangilia.

Lakini somo la historia hii lapasa kusemwa waziwazi. Gari la kwanza halijapata kutushinda. Linalotushinda ni gari la pili, la kumi na la mia. La kwanza laundwa kwa ari, kwa akiba ya mtu au kwa amri ya Serikali, nalo lapigwa picha siku ya sherehe. La pili lahitaji mkaguzi, mnunuzi, mashine ya kukereza vyuma na fundi mwenye cheti. Pasipo hayo, gari hubaki chini ya turubai uani, na aliyelitolea akiba yake huwa mfano wa kuwaogofya wengine. Hiyo ndiyo hasara tunayoiogopa, kwani fundi aliyevunjika moyo hafundishi mwanagenzi.

Twasema basi mambo manne. La kwanza ni ukaguzi. Gari lolote la barabarani sharti litimize Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na sisi hatuombi fundi asamehewe hata parafujo moja ya breki. Kariakoo yajua uchungu wa maisha kupotea: tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka, na watu zaidi ya 20 wakafa. Mkaguzi ni rafiki wa fundi mwaminifu. Tunachotaka ni orodha ya masharti kwa gari lililoundwa kwa mkono, iandikwe kwa Kiswahili, iwe na ada inayojulikana, na ioneshe namna ya kulipatia namba ya chasisi gari ambalo halikutoka kiwandani.

La pili ni mashine. Shirika la SIDO liliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo vya namna hii. Mashine kubwa haiwezi kununuliwa na fundi mmoja, lakini mafundi 20 waweza kuitumia kwa zamu kwa ada ndogo. La tatu ni cheti. VETA ina utaratibu wa kupima ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Mchomeleaji wa Gerezani mwenye miaka 15 kazini apimwe pale alipo, bila kuambiwa aanze upya kama mtoto.

La nne ni mnunuzi. Halmashauri zetu hununua vyombo vya kubebea taka, maji na mizigo. Sehemu ya manunuzi hayo na ipelekwe kwa vikundi vya mafundi watakaofaulu ukaguzi. Pongezi hazilipi kodi ya karakana. Agizo la magari 10 laweza kumweka fundi na wanagenzi wake kazini mwaka mzima.

Kwa mafundi wenyewe nao tuna neno. Kuiga umbo la gari la zamani ni shule, na kila fundi duniani alianza kwa kuiga. Kubandika nembo ya kiwanda cha watu na kumdanganya mnunuzi ni wizi, kama ulivyo wizi kuuza spea bandia. Gari lako lipe jina lako. Likiwa zuri, sifa iwe yako. Likiwa na kasoro, lawama iwe yako, nawe urekebishe.

Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975 lilibuniwa na Mtanzania, Beda Amuli. Hakuna aliyecheka alipopewa kazi hiyo ikakamilika mbele ya macho ya watu. Alipewa kiwanja, fedha na kazi ya kweli, akaonyesha uwezo wake. Fundi wa Gerezani hadai zaidi ya hayo. Chama kilichotufundisha kujitegemea tangu mwaka 1967 kina wajibu wa kumfungulia njia, na matawi ya mitaa ya Kariakoo yaweza kuanza wiki hii kwa kuorodhesha mafundi waliopo na kazi wanazozijua.